Ukaguzi Wangu wa Kwanza Tunduma

Nilipohamia Tunduma kuwa afisa elimu, kero ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa walimu wachelewaji. Asubuhi moja, saa mbili kamili, nikawaona wanafunzi wanatembea taratibu kama wanaenda harusini. Nikawafuata kwa miguu, kichochoro kwa kichochoro nyuma ya maduka, mpaka shuleni kwao. Madarasa yalikuwa matupu na walimu wanakunywa chai. Nikajitambulisha kwa cheo, nikawafokea wote, kisha nikamtaka mwalimu mkuu ajieleze kwa maandishi.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

“Mukwai, bosi,” akasema, akitanguliza neno la heshima la lugha yao, “hatujachelewa. Kwetu ndiyo kwanza saa moja.”

“Kwenu wapi?”

“Zambia. Mpaka umeuvuka pale madukani.”

Walimu wakainamia vikombe vyao, mabega yakitikisika.