Mguu Juu ya Tumbo la Mzee

Ile siku ya ziwani naikumbuka kuliko hata siku niliyomuoa bibi yako, mwanangu, na hilo usimwambie. Jana nilikuuliza umeamkaje, ukanijibu "poa tu, babu," na huku unachechemea. Jibu lile lilinichoma. Leo kaa nikueleze kwa nini.

Tulikuwa vijana wawili wa Temeke, mimi na Salum, wazazi wetu wote wametoka kusini. Baba yake, Mzee Chilumba, alichonga vinyago kibarazani kwake, na Salum alikuwa ameshaanza kumshinda baba kwa kuchonga macho na midomo. Zilikuwa zama za Ujamaa, nchi inahitaji mafundi, na sisi tukachaguliwa kwenda Kanada kusomea mitambo. Mama yangu alinifungia sweta aliyoifuma mwenyewe, ikinibana kwapani, akaniusia jambo moja tu: nisiende kumkosea mtu adabu.

Huko tulipata rafiki, Deivi, na kipupwe chao kilipokolea akatualika tukapige kambi pamoja na babu yake kwenye maziwa ya porini. Nikisema ziwa usifikirie maji. Maji yalikuwa yameganda hata gari lingeweza kupita, na juu yake theluji ya kufika mapajani. Ili usizame unafunga miguuni viatu vipana, mbao zilizokunjwa na kusukwa kwa kamba za ngozi, kila kimoja kama ungo. Tulitembea miguu tumeitanua, Salum akicheka kwamba tumekuwa kama watoto waliotoka jandoni. Tulifurahi sana, siwezi kukudanganya.

Babu yake Deivi alikuwa na kanuni moja. Kila tukienda kidogo alisimama, akamuuliza kila mtu hali ya miguu yake. Ukisema imekufa ganzi, wote mnasimama, unavua viatu na soksi, na mwenzako anafungua koti na shati, anaziweka nyayo zako juu ya tumbo lake tupu mpaka damu irudi. Jioni ya kwanza alituonyesha kwa mguu wa Deivi. Mjukuu amemkanyaga babu yake tumboni, na wote wawili wanakunywa chai. Mimi na Salum tulitazamana. Kwetu, mbele ya mzee, hata kunyoosha miguu ni aibu.

Kesho yake tulivuka ziwa kwenda kuvua samaki kwenye matundu ya barafu. Tulipofika katikati, vidole vyangu vya miguu vilianza kuwasha, kisha vikauma, kisha vikanyamaza kabisa. Mzee akasimama kama kawaida yake.

"Miguu vipi?" akaniuliza.

"Mizuri."

"Una hakika, kijana?"

"Mizuri kabisa, mzee."

Salum alinisogelea, akasema kwa Kiswahili, "Wewe, mbona unakanyaga kama mtu wa magongo? Si useme."

"Mie nimuwekee mzee wa watu mguu tumboni? Bora nife."

"Basi weka kwangu."

"Twende bwana, unanitia aibu."

Nilijiambia hiyo ni adabu. Nusu ilikuwa adabu, mwanangu. Nusu nyingine kilikuwa kiburi, maana sikutaka wenyeji wale waone kuwa mgeni kutoka Afrika ndiye wa kwanza kushindwa.

Hatukufika mbali nikaanguka. Mguu wenye ganzi haujui umekanyaga wapi. Niliangukia mahali ambapo maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu na kujificha chini ya theluji, glavu zangu zikalowa chepechepe, na kusimama nikashindwa. Wakanilaza juu ya ubao tuliokuwa tukiburutia mizigo yetu. Deivi na babu yake wakashika kamba mbele. Salum akanivua glavu zilizolowa, akavua zake kavu, akanivisha. Yeye akajiviringishia skafu mikononi, akaenda nyuma kusukuma.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo penyewe. Njiani skafu ilimtoka mkono wa kulia, upepo ukaichukua. Niliona. Aliendelea kusukuma mkono mtupu, na mimi nimelala namtazama, glavu zake mikononi mwangu. Ningesema tungesimama, na nilichotaka mimi ni kufika. Nikageuza uso.

Hemani mzee hakuniuliza tena. Alinivua viatu, akafungua shati, akaziweka nyayo zangu tumboni kwake. Ule mguu niliouonea haya uliishia palepale. Vidole vyangu vilirudiwa na uhai vyote, ndivyo hivi unavyoviona. Vya Salum, vitatu vya mkono wa kulia, hospitali ilivikata. Ndio mkono aliokuwa akishikia tezo la kuchongea.

Tuliporudi nyumbani nilikikwepa kibaraza cha Mzee Chilumba, nikawa napita mtaa wa nyuma kama mwizi. Mwishowe mama alinilazimisha niende kumwamkia. Nilimkuta anachonga, na Salum kando yake anapiga msasa kinyago ambacho zamani angekichonga mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za huko mlikokuwa?"

"Nzuri tu."

Aliweka tezo chini. "Nzuri," akasema taratibu. "Mtoto wangu karudi na vidole pungufu, wewe waniambia nzuri. Kanieleza kuwa hata miguu uliulizwa ukajibu hivyohivyo. Ni adabu gani hiyo inayolipwa na mwili wa mwenzio? Kaa chini nikuulize upya. Habari za huko?"

Nikakaa, nikasema yote. Nikasema na la skafu, ambalo nilidhani halijui mtu isipokuwa mimi na Mungu. Nilisema huku natazama mapande ya mpingo sakafuni, maana uso wa Salum sikuuweza. Nilipomaliza, yeye hakuacha kupiga msasa.

"Nilikuona ukiniona," akasema.

Baba yake akaokota tezo lake akaendelea na kazi. Na Salum tulikaa kama ndugu mpaka nilipomzika, na kauli ile hakuirudia hata siku moja. Lakini mimi aibu yake bado ninayo, na naona haya hata sasa ninapokusimulia.

Kwa hiyo, mwanangu, salamu ya mpita njia ijibu "nzuri" uende zako, hakuna ubaya. Ila mtu mnayetembea naye njia moja akikuuliza hali yako, mwambie mwili wako ulivyo, kwa sababu ukianguka atakayekubeba ni yeye. Na ukimwona anaumia kwa ajili yako, fungua mdomo, hata kama kusema kutakuchelewesha wewe. Usigeuze uso.

Mungu akukuze, akupe wenzio wa kukusukuma siku utakapolala, na akujalie usiwafiche kitu. Haya, vua hicho kiatu. Weka mguu hapa mapajani kwangu, wala usianze kuniambia mimi ni babu yako. Umeamkaje?