Beji Iliyolia Kifuani

Dubai, Novemba 1998. Mwaka wa tisa tangu niondoke Garissa.

Jamani, leo nimelia kama mashine. Sina utani.

Nilikuwa kwenye maonyesho ya vifaa vyenye kompyuta ndogo ndani yake: pampu, mizani, kufuli. Kijana mmoja wa Mombasa anauza kidude kama punje ya mchele. Kinadungwa chini ya ngozi ya ngamia ili mwenye ngamia ajulikane.

"Mzee wangu, kakiuze kwenu. Nauli juu yetu. Wafugaji watakuamini wewe."

Moyo ulinidunda, sifichi. Dada yangu yuko kule nyumbani, Hadado, na nauli sina.

Lakini nikamwuliza, "Kwetu chapa huchomwa shingoni, na mgeni yeyote kisimani huisoma. Hiki atakisoma nani?"

"Mwenye mashine."

"Naye ni nani?"

"Ofisi, mzee! Mbona waniuliza kama askari?"

Akacheka, akanielekezea kifuani mashine yake ya kusomea vidude. Ikalia.

Kumbe ile beji niliyovikwa mlangoni ina kidude kama hicho ndani! Kiooni likatokea jina langu, nchi yangu, na kila banda niliposimama tangu asubuhi.

"Waona? Yakujua!" akasema kwa furaha.

Sisi tuliopangwa foleni na askari Garissa, tuonyeshe kadi kuthibitisha kwamba ni Wakenya, hatucheki hapo.

Nikavua beji, nikaiweka mezani kwake.

Ninyi mngeipokea nauli ile? Semeni kweli.

Mimi nimeikataa. Dada nitaongea naye kwa redio ya mawasiliano, maana kwao hakuna simu, nimwambie mwenyewe: kwa nauli ile, sitarudi.