Alirudi Nyumbani Bila Tone la Damu

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa habari, habari zenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Mzee wangu Guyo alikuwa dereva wa pikapu ya mizigo hapa Isiolo. Mtu wa mzaha sana. Mshipi wa kiti alikuwa anaufunga nyuma ya mgongo, bora gari iache kupiga kelele.

Nikimgombeza ananiambia, "Mama Halima, mimi nimefungwa na wewe, inatosha."

Siku hiyo ngamia alikatiza barabara, upande wa Kulamawe. Guyo akakwepa, pikapu ikaingia mtaroni, na yeye tumbo lake likagonga usukani.

Adhuhuri akaletwa na lori, anatembea, anacheka. Hana hata mkwaruzo.

Kwetu mtu akiponea hivyo anachinjiwa mbuzi wa sadaka. Majirani wakajaa. Mama mkwe akasema, "Hospitali ya nini na mtu iko mzima? Leta mbuzi, tushukuru Mungu."

Kusema ukweli nilifurahi. Nilitaka mtu aseme hivyo.

Guyo akalalamikia bega la kushoto. Nikamsugua na mafuta ya mkia wa kondoo, wanawake wananisifu.

Kabla kisu kinolewe, akaanza kusikia kiu. Maji, maji. Jasho baridi, midomo myeupe. Tukamkimbiza hospitali, lakini hakufika chumba cha upasuaji.

Daktari alinieleza polepole. Gari inasimama ghafla, mwili bado unakimbia. Mwili unasimama kwa usukani, na viungo vya ndani navyo bado vinakimbia. Wengu wake, chini ya mbavu za kushoto, ulipasuka. Damu yote ilimwagikia ndani ya tumbo, na maumivu yake hutokea begani.

Bega lile lile nililokuwa nasugua.

Wakuu, nina hamu naye jamani. Hata ule mzaha wa mshipi, ningeusikia mara moja tu, nisingenuna.

Yule beberu wa sadaka hakuchinjwa. Niko naye mpaka leo, amezeeka. Pikapu ikipita jioni, sote wawili tunageuza shingo.

Aliyepitia kama haya aandike hapa chini, nitasoma yote. Na mtu wako akitoka kwa ajali anacheka, akapimwe kwanza.

Mbuzi atangoja. Wangu bado anangoja.