Nilivyochagua Kompyuta za Shule ya Masinya

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Busia, upande wa Kenya. Mwezi jana Madam Nekesa, mwalimu mkuu wa shule moja ya Masinya, ng'ambo ya mpaka, aliniagizia kompyuta kumi za bei nafuu, zile za bodi moja inayoenea kiganjani.

"Watoto wangu ni wa pekee, fundi," aliniambia kwa simu.

Nikamwambia naelewa. Kila mwalimu husema hivyo.

"Na hiyo kompyuta inasoma vizuri?"

"Inasoma kila kitu, madam," nikajibu, nikiwaza habari za kusoma flashi za kuhifadhia mafaili.

Muuzaji wa bodi alinitaka nichague kimoja kwa bei ile: tundu la spika au picha kali zaidi. Nilichagua picha. Niliona shule haina haja ya muziki.

Siku ya kukabidhi niliziwasha zote kumi. Picha ziling'aa mpaka nikajipongeza. Watoto wakaingia kwa mstari, kila mmoja ameshika bega la mwenzake. Wakaketi, wakapapasa kibodi, wakainamisha vichwa na kutulia.

"Tazameni skrini!" nikawahimiza kwa furaha.

Hakuna aliyeinua kichwa. Msichana wa mbele akauliza, "Fundi, umeshawasha?"

Madam Nekesa akanisogelea na kusema polepole, "Fundi, hawa hawaoni. Kompyuta ndiyo inawasomea. Sasa sauti inatokea wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole mahali ambapo tundu la spika lingekaa.