Majina Mlangoni kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto, siku moja nikiwa nimeinama kupaka samadi na majivu kwenye sakafu ya Bibi kule Genkuru, jirani alikuja mbio akisema shangazi Robi ameanguka machimboni. Nilijua sababu kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeificha siku tisa.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatoa watu shambani. Shangazi aliosha mchanga kwa karai, na kwenda na kurudi alikatiza nyasi ndefu za malisho. Bibi hakuwa na ugomvi na dhahabu. Ugomvi wake ulikuwa na nyasi. Kila jioni kabla ya chakula alisimama mlangoni akatuita kwa majina, maana kwetu watu hawahesabiwi kwa namba. Ukiitwa unaitikia, unainama, anakupapasa nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Akimkuta kupe anamvuta taratibu bila kumpasua, anamtupa motoni.

"Kupe akilala ndani na watu," alisema, "asubuhi kuna jina halitaitikiwa."

Wachimbaji nao walikuwa na yao: kupe aliyekuchagua ni bahati, mwache anyonye mpaka aanguke mwenyewe, utaiona dhahabu. Wa shangazi nilimwona tukioga mtoni, chini kidogo ya kiuno, amevimba kama mbegu ya nyonyo.

"Shangazi, Bibi atamwona huyo."

"Amwone wapi, kama wewe hujasema? Huyu ni injinia wangu, ananipimia mwamba."

Nilicheka sana. Jioni, jina lake lilipoitwa, shangazi alisema, "Mama, mimi nimeshakaguliwa na huyu mtoto." Bibi akanigeukia. "Kweli?" Nikasema kweli.

Kupe alishiba akaanguka. Dhahabu haikuonekana. Kikaja kichwa kuuma, kukaja kutetemeka, naye akasema ni jua tu.

Walimleta kwa baiskeli, shingo imelegea. Nilimwambia Bibi yote, samadi ikinikaukia mikononi, nikingoja fimbo. Hakunipiga. Alitazama pale kiunoni, pakiwa na kidonda cheusi kama kimeunguzwa, akawaambia waliomleta, "Mpelekeni zahanati. Na huyo kupe msimfiche. Mtajeni."

Shangazi alilazwa siku nne. Kila jioni Bibi aliita majina yetu, na lake pia, halafu akangoja kama vile njia ya zahanati ni fupi. Niliamini kwamba jina lile nimelimaliza mimi.

Jioni ya tano aliita, "Robi!" na sauti nyembamba ikajibu kutoka uani, "Nipo, Mama."

"Inama."

Sasa nina watoto wanne, na sina nguvu za kubishana na mtu. Nafyeka nyasi karibu na nyumba, wachungaji wangu wa ng'ombe wanavaa suruali ndefu na kuzichomeka kwenye soksi. Kama kupe anakula majina, sijui. Najua kwamba Bibi alikuwa amechoka kama mimi, na kwamba bila yale majina asingepata watoto sita wa kuinama kila jioni, wala yeye mwenyewe asingekumbuka kutukagua kila siku.

Ugali wa mtama umeiva, mlenda uko mezani. Nasimama mlangoni naita. Wananung'unika, wanainama. Wa mwisho ni mzee anayekaa kwangu, mwenye mvi na mgongo mgumu.

"Shangazi Robi!"

"Nipo," anasema, na anainama kabla sijamwambia.