Pilau la Kumuaga Mchina

Juzi Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla hapa Guangzhou, nilikuwa naomba kupunguziwa bei kwa Kichina changu cha kuombea maji. Mchina mwenye duka akaangua kicheko: "Mzee, sema Kiswahili tu, unanivunja mbavu!"

Kumbe aliuza nguo Kariakoo miaka mingi, mpaka sheria ilipowakataza wageni biashara ya rejareja. Majirani waliodai aondoke ndio hao hao waliompikia pilau la kumuaga.

"Lile pilau nalikumbuka mpaka leo," akasema, akiikunja na kuikunjua suruali niliyochagua. "Sheria wameilegeza? Nirudi?"

"Bado, kaka. Kule wewe ni mgeni."

Nimezunguka dunia nikiitwa mgeni kila kona. Siku hiyo nikamwita mwenzangu hivyo, tena nikiwa kwao.