Kahawa Juu ya Baiskeli

Kanga iliyonyeshewa ina harufu yake, na kanga iliyonyeshewa huku imemfunika mbwa ina harufu nyingine kabisa: sabuni ya mche, vumbi lililolowa, manyoya, na kitu kama chungu cha maharage kilichosahauliwa. Wengine huziba pua. Mimi nikiinusa, hata leo na mvi zangu hizi, moyo hunienda mbio na miguu huniwasha, nataka safari. Harufu hiyo hunirudisha barabara ya Homa Bay, kwenye baiskeli ya baba, miaka ya sitini, wakati bendera za nchi zetu zilikuwa bado mpya na kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Sisi tulikuwa watu wa Bukoba tuliokaa Migori. Baba alikuwa fundi mwashi, ameitwa kujenga kanisa, akatuchukua wote: mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado mgongoni. Gari hatukuwa nalo. Tulikuwa na baiskeli moja nyeusi ambayo baba aliipaka mafuta kila Jumapili kama anayepaka mtoto. Dholuo tulikijua cha kusalimia tu, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotupatanisha na majirani, wao na chao, sisi na chetu. Rafiki yangu wa kwanza huko ugenini hakuhitaji lugha yoyote. Alikuwa mbwa jike, rangi ya kahawa iliyokaangwa ikaiva, alinifuata siku moja kutoka mtoni na hakurudi tena alikotoka. Nikamwita Kahawa. Majirani walielewa mbwa wa kulinda boma, lakini msichana anayemwogesha mbwa na kumsimulia ya shuleni? Walicheka mpaka wakashika mbavu!

Kanisa likaisha, tukatakiwa kurudi kwetu kwa meli kutoka Homa Bay. Nami nilifurahi, ila Kahawa alikuwa na mimba, tumbo limemshuka karibu na ardhi. Asubuhi ya safari kondakta wa basi la Homa Bay alipandisha juu kuku, mbuzi, kitanda cha mtu, na baiskeli mbili. Alipomwona Kahawa akatikisa kichwa. "Mbuzi ana nauli," akasema, "mbwa ana meno." Mama akasema basi, tumwache kwa jirani, mbwa ni mbwa tu. Nililia kilio ambacho hata mimi nilikishangaa. Nikajilaza barabarani mbele ya gurudumu na kuapa kwamba Kahawa akibaki, mimi nabaki, nitakuwa Mjaluo. Baba akapanda juu ya basi. Alilishusha tenga la kuku wetu, akawagawia majirani wale kuku, akalifunga lile tenga kwenye keria ya baiskeli, akamweka Kahawa ndani. Mama akapanda basi na mtoto na mizigo huku akisema tumerogwa. Mimi nikakaa kwenye bomba la mbele, nimeshika usukani, nacheka na kamasi zangu.

Jamani, safari ile! Baba alipiga pedali na nyimbo za kanisa. Mteremkoni upepo uliniingia kinywani nikashindwa hata kupiga kelele, na nyuma Kahawa alibweka kila alipoona ng'ombe. Tulilala Rongo kwa fundi mwenzake baba, na kulipokucha tukaendelea, maana meli ilikuwa inaondoka jioni ileile na isingemngoja fundi wala mbwa. Wasemao mvua ni baraka sijui kama walishanyeshewa wakiwa kwenye baiskeli. Manyunyu yalipoanza, baba alitoa kanga ya mama, akamfunika Kahawa gubigubi, kisha akazifunga ncha zake kiunoni mwake isipeperuke.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mzee mmoja aliyekuwa akija mbele yetu alisimama pembeni, akavua kofia. "Poleni na mgonjwa," akasema. Mimi sikuelewa mara moja. Ila barabara zile, anayebebwa nyuma ya baiskeli amefunikwa na kufungwa kiunoni mwa mwendeshaji alikuwa mtu mmoja tu: mgonjwa anayepelekwa hospitali. Baba alikuwa anatweta, hana pumzi ya kuanza hadithi ndefu, akajibu, "Asante." Na ukishapokea pole ya mtu, utairudishaje? Kila tuliyekutana naye akatupisha, na baba akashukuru, ameinamisha kichwa kwa aibu.

Mlima wa mwisho ulimshinda. Baiskeli ilipoanza kurudi nyuma, mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni Homa Bay na kikapu cha viazi vitamu alikiweka chini kikapu chake, akashika keria. "Wololo! Na kasichana kanakaa hapo mbele kama karani? Shuka, sukuma mama yako!" Nikashuka. Nilisukuma huku kicheko kinanipasua kifua, machozi yananitoka, na yule mama akanipapasa mgongo. "Usilie, mtoto. Mama yako atapona. Baba, ako na nini?"

Baba hakuwa mtu wa uongo. "Ana mimba," akasema.

"Nyasaye! Na unapeleka yeye hivi?" Akaongeza nguvu, mabega yake yakatetemeka, mpaka tukafika juu. Kisha, kabla hatujamzuia, akainua kanga ampe mgonjwa maji. Kahawa akamlamba mkono.

Nilijua sasa Kahawa atatupwa vichakani kwa fimbo. Yule mama alimtazama, akamtazama baba, akalitazama tumbo. "Kumbe hukudanganya," akasema, akaketi chini palepale kwenye matope akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Kisha akamvunjia Kahawa kipande cha kiazi.

Tuliteremka naye mpaka gatini. Meli ilikuwa tayari, mama yetu anatupungia mkono kwa hasira. Honi ikalia, na Kahawa, mjinga yule, akaibwekea kwa nguvu zake zote. Karani wa gati akageuka. "Mbwa hapandi." Baba akaanza kuomba, mimi nikalikumbatia tenga, kamba zikaanza kufunguliwa. Ndipo sauti ya yule mama wa viazi ikatoka nyuma yetu. "Wewe! Huyo nimesukuma na mikono yangu, mlima mzima. Sasa unataka mimi nirudi kusukuma yeye kuteremka? Wewe ulizaliwa na jiwe?" Watu wote gatini wakaangua kicheko. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Karani akageuza uso kuelekea ziwani. "Sijaona kitu," akasema.

Kahawa alizaa melini, katikati ya mikungu ya ndizi. Mtoto wa kwanza nilitaka kumpa jina la yule mama, lakini mama yangu akanifinya sikio: mbwa hapewi jina la mtu! Tukamwita Pole.

Mwaka jana nilipita tena mlima ule, ndani ya gari la mjukuu wangu, na mbwa wake amekaa kiti cha nyuma, amefungwa mkanda. Lami tupu. Tuliumaliza mlima kabla sijamaliza kusema "ni hapa". Mbele yetu pikipiki ilikuwa imezimika, kijana anaikokota, na kwenye kiti cha nyuma mtu amefunikwa kanga. Magari yalimpita yakipiga honi. Mjukuu wangu naye akawasha taa ya kupita.

"Simama," nikamwambia.

"Bibi, hata hujui ni nani."

Mlango nilikuwa nimeshaufungua.